Sukari ya watoto: tusiishitaki sufuria ya mama kabla ya kuhesabu wagonjwa

Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini. Watafiti waliwachukua watoto na vijana 894 walioingiwa na kisukari kabla ya kufika miaka 30, ambao madaktari wao walishawaandikia kuwa ni kisukari cha aina ya kwanza. Wakawapima damu kutafuta zile kingamwili, yaani alama za damu zinazoonyesha kwamba kinga ya mwili inalishambulia kongosho, ambazo Ulaya na Marekani ndizo alama ya ugonjwa huo. Karibu thuluthi mbili hawakuwa nazo. Habari kama hii haifiki Lamu kama ilivyoondoka. Hadi ipite baraza za mitaa yetu ya Mkomani na kushukia Langoni, imeshakuwa sauti ya WhatsApp ya dakika tatu: watoto wetu "hawana kisukari cha kweli", insulini wamepewa kwa makosa, na chanzo cha yote ni "mazingira", yaani soda, mafuta ya kupikia na mama asiyejua kulisha. Nimeisikia sauti hiyo kutoka kwa watu watatu, na mmoja wao ana mtoto anayedungwa sindano nne kwa siku.

Utafiti ule haukusema hayo. Ulichosema, kwa lugha ya kawaida, ni kwamba wengi wa watoto wa Kiafrika wanaoishiwa na insulini huenda wanaishiwa kwa njia ambayo haijajulikana bado, na kwamba vitabu vilivyoandikwa kwa damu ya watoto wa Ulaya havitoshi kuwaeleza. Mtoto asiye na kingamwili hizo bado anahitaji sindano yake ya asubuhi. Hoja yangu ni kwamba utafutaji wa vyanzo vya kimazingira vya ugonjwa huu ni kazi ya maana na inatuhusu sana sisi wa pwani, ila tumeishika kwenye makali badala ya mpini. Tunataka kumjua mkosaji kabla ya kujua ni watoto wangapi wanaougua na ni wangapi wanaozikwa bila kupimwa. Katika pengo hilo, anayehukumiwa ni mama.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Lamu ukitaja mazingira, mtu atawaza mikoko, bandari, na vita vya miaka mingi dhidi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, ambao Mahakama ya Mazingira iliufutia leseni tarehe 26 Juni 2019. Mazingira kwetu ni kitu kinachochafuliwa na mtu mwenye jina. Kwa hiyo mtu akisikia "kisukari cha mtoto kinatokana na mazingira", anatafuta moshi, au anatafuta aliyetia sumu. Mtafiti wa kisukari akilitamka neno hilo anakusudia kitu kipana zaidi na kisicho na hatia: kila kisichokuwa vinasaba. Virusi vilivyompitia mtoto akiwa na miezi kumi ni mazingira. Bakteria waliomo tumboni mwake, wiki aliyoanza kulishwa uji, jua linalomwangukia, minyoo, malaria aliyougua mama akiwa mjamzito, hata njaa iliyomfikia kabla hajazaliwa, yote hayo yamo. Kingi katika hayo hakichaguliwi na mzazi wala hakionekani kwa macho.

Na ugonjwa wenyewe ni upi? Ndani ya kongosho mna visiwa vidogo vya seli, na baadhi ya seli hizo, za beta, ndizo pekee mwilini zinazotengeneza insulini. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wageni, inazigeukia seli hizo na kuzimaliza polepole. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi au miaka bila mtoto kuonyesha chochote. Dalili zikija, seli nyingi zimeshakwenda: mtoto anakunywa maji kama aliyetoka jangwani, anakojoa usiku kucha, anakonda huku anakula, kisha damu inageuka tindikali, anapumua kwa nguvu, anatapika, anazimia. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipodungwa insulini ya kwanza huko Toronto, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Kwa mtoto asiyefikiwa na insulini, ungali hukumu hiyo hiyo.

Kwamba vinasaba vina mkono katika jambo hili halina ubishi. Kwamba havitoshi pia halina ubishi, na ushahidi wake ni mzuri kuutazama. Pacha wanaofanana kabisa, mmoja akipata ugonjwa, mwenzake mara nyingi hupita miaka mingi bila kuupata, na wengine hawaupati maisha yao yote. Ulaya idadi ya wagonjwa wapya imekuwa ikipanda kwa kiasi cha asilimia 3 kila mwaka kwa miongo kadhaa, na vinasaba vya watu havibadiliki kwa miongo. Finland, nchi inayoongoza duniani kwa watoto wapya zaidi ya 50 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, imepakana na Karelia ya Urusi, ambako watu wana damu inayokaribiana na ya jirani zao lakini ugonjwa ulikutwa ni mchache mara sita. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Bradford, Uingereza. Kati ya watoto wa familia zilizohamia huko kutoka Pakistani na Bara Hindi, wagonjwa wapya walikuwa 3.1 kwa kila 100,000 katika miaka ya 1978 hadi 1981. Kufikia 1988 hadi 1990 walikuwa 11.7. Babu walibaki wale wale, vinasaba vile vile, muda haukutimia hata miaka kumi na mitano. Kitu fulani katika maisha ya Bradford kiliwafikia watoto wale, na mpaka leo hakuna anayeweza kukitaja kwa jina moja.

Kukitafuta kitu hicho ndiko kulikozaa utafiti mkubwa unaojulikana kwa herufi zake, TEDDY. Watoto wachanga zaidi ya 420,000 walipimwa vinasaba huko Marekani, Finland, Ujerumani na Sweden, na 8,676 waliokuwa katika hatari zaidi wakaandikishwa kati ya 2004 na 2010 ili wafuatwe hadi umri wa miaka 15. Kufuatwa huko si kwa maneno. Kila miezi mitatu damu, kila mwezi choo cha mtoto kwenye kichupa, na mzazi anaandika kila homa, kila dawa, kila chakula kipya. Ukizifikiria familia hizo unaona subira ambayo siasa za afya hazina. Kilichopatikana ni cha kutia moyo lakini hakiridhishi mwenye haraka. Virusi vya jamii ya entero, ndugu wa vile vya polio, vilihusishwa na kuanza kwa shambulio hilo, hasa pale mtoto alipoendelea kuvitoa kwenye choo kwa muda mrefu, kana kwamba mwili ulishindwa kuvimaliza. Hiyo ni dalili nzito. Hukumu bado, maana watoto wengi mno hupitiwa na virusi hivyo wakabaki salama.

Nadharia nyingine zilizopendwa zimeangushwa na ukweli. Kwa muda mrefu maziwa ya ng'ombe yalishukiwa, hata watafiti wakawalisha watoto 2,159 katika nchi 15 maziwa ya kopo ya kawaida au yale yaliyovunjwavunjwa protini zake. Mwaka 2018 jibu likatoka: hakuna tofauti. Upungufu wa jua na vitamini D nao ulielezwa sana, kwa kuwa Finland ina giza la miezi. Lakini Sardinia, kisiwa cha Italia chenye jua la kuchoma, ni miongoni mwa mahali penye wagonjwa wengi zaidi duniani. Kuwait na Saudi Arabia pia zimo katika kundi la juu, na hakuna atakayewaambia watu wa Kuwait kwamba wamekosa jua, ingawa ni kweli kwamba mtu anaweza kuishi jangwani akashinda ndani ya viyoyozi. Nayataja haya kwa sababu kila nadharia iliyoanguka ilikuwa, siku zake, inahubiriwa kwa uhakika ule ule wa sauti ya WhatsApp. Mama aliyempa mwanawe maziwa ya kopo alibeba lawama kwa miaka mingi, na alipoondolewa hatia hakuna aliyemrudia kumwambia.

Nadharia inayotuhusu sisi zaidi ya zote ni ile ya kinga isiyokuwa na kazi. Inasema hivi: kinga ya binadamu ilikulia katikati ya vimelea, minyoo na bakteria, na ikinyimwa wapinzani hao mapema huanza kupigana na nyumba yake. Mzizi wa fikra hii uko Afrika Magharibi. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyekuwa Ibadan, aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujigeuka yalikuwa machache mno kwa wagonjwa wa Nigeria, akaihusisha hali hiyo na vimelea. Baadaye aliwaambukiza malaria panya wa maabara waliozaliwa na ugonjwa wa aina hiyo, ukazuilika. Mwaka 1999 wengine walionyesha kwamba panya wanaopata kisukari cha kinga kujigeuka hukiepuka wakiambukizwa kichocho. Mtu wa pwani akilisikia jambo hili hawezi kupita tu. Kichocho, matende, minyoo na malaria ndiyo masomo ya utoto wetu.

Na ndiyo yanayoondoka. Hospitali ya Kilifi mwaka 2003 ililaza takriban watoto 18 wa malaria kwa kila watoto 1,000; mwaka 2007 walikuwa chini ya 4. Tangu 2012 watoto wa shule wanapewa dawa za minyoo kwa mpango wa kitaifa, na kaunti za pwani zimekuwa zikimezeshwa dawa za matende kijiji kwa kijiji. Ikiwa nadharia ile ina ukweli, basi pwani ya Kenya ni mahali pa nadra duniani ambapo jaribio kubwa linaendelea bila mtu kulipanga: vimelea vinapungua, tukijua mwaka na kiasi, na watoto wanaokua sasa hawajapitia waliyopitia wazazi wao. Swali la mtafiti ni kama kisukari cha watoto kinapanda nyuma yake. Barazani, hata hivyo, nimesikia likigeuzwa kuwa ushauri: waacheni watoto wachafuke, dawa za minyoo ni njama, chandarua kinaleta sukari. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Malaria iliua watoto wa Kilifi kwa mamia. Hakuna mtafiti mwenye akili timamu atakayewaombea irudi ili kuzuia ugonjwa ambao, hata Finland kwenyewe, humpata mtoto mmoja kwa mamia. Kinachotafutwa ni kujua vimelea vile vilikuwa vinaiambia nini kinga ya mwili, ili maneno hayo yatafutiwe njia nyingine ya kusemwa.

Hoja iliyo dhaifu kupita zote, na ndiyo iliyo na nguvu zaidi mitaani, ni ya soda na peremende. Nguvu yake inatokana na lugha. Tumelipa jina moja, sukari, maradhi zaidi ya mawili, na jina lenyewe linaelekeza kidole jikoni. Mjomba wa miaka hamsini na tano aliyenenepa kwa biriani, halwa na tende, akitoka barazani kwenda kulala na kurudi barazani, ana sukari ambayo chakula na kukaa vimechangia. Ugonjwa wa mjomba si ugonjwa wa mtoto wa miaka minne. Yuko mtoto anayeupata kabla ya kuonja soda, akiwa bado ananyonya. Soda ingekuwa ndiyo sababu, nchi zinazoongoza kwa kunywa soda zingekuwa ndizo zinazoongoza kwa ugonjwa huu, na Finland isingekuwa kileleni. Ninayajua yatakayojibiwa: kwamba lishe ya watoto wetu imeharibika, chipsi na juisi za unga zimejaa dukani. Imeharibika kweli, na itatulipisha kwa namna zake. Lakini ukimwambia mama wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza kwamba ni juisi za unga, umesema uongo, na umemfanya afikirie kwamba akiziondoa juisi mtoto atapona na sindano zitaachwa. Nimemsikia mama akiuliza kwa sauti ya chini, kama anayeungama: "Nimempa nini mie?"

Kuna upande mwingine wa chakula ambao ni mzito, na unaelekea mahali tofauti kabisa. Aprili 2025, katika kongamano la Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kukitambua kisukari kinachotokana na utapiamlo na kukipa jina la aina ya tano. Kimeelezwa na madaktari wa Jamaika tangu 1955, Shirika la Afya Duniani likakiandika mwaka 1985, likakifuta 1999 kwa madai kwamba ushahidi hautoshi, na sasa kimerudi. Wagonjwa wake ni vijana wembamba, maskini, waliokosa chakula tumboni mwa mama au utotoni, ambao kongosho lao halikukua kama inavyopaswa. Sasa yaweke pamoja na wale thuluthi mbili wasio na kingamwili. Wala sisemi ni watu wale wale, hilo halijathibitishwa. Nasema kwamba kwa mtoto wa Tana au wa bara ya Lamu aliyezaliwa katika ukame wa 2020 hadi 2023, swali la mazingira linaweza kuwa njaa, na kingamwili zikawa hazina hadithi yoyote ya kusimulia. Mtu anayehubiri kwamba watoto wetu wanaugua kwa kushiba vibaya anaweza kuwa ameukamata ugonjwa kinyumenyume.

Wapo wanaosema tuachane na haya yote: ugonjwa huu ni wa Wazungu, hapa ni nadra, na nchi ina mambo mengine. Inaonekana ni hoja ya busara mpaka uulize unadra huo umehesabiwa na nani. Dalili za mtoto aliyefikia hatua ya damu kugeuka tindikali ni homa inayotokana na maambukizi yaliyoufichua ugonjwa, kutapika, kupumua haraka, kuzimia. Mweleze mtu yeyote wa pwani dalili hizo na atakujibu kwa neno moja: malaria. Akiongeza la pili atasema nimonia, la tatu atasema kakumbwa na shetani. Jirani yetu mmoja aliwahi kufiwa na mtoto wa kiume wa miaka sita kwa namna hiyo. Alipelekwa kwenye zahanati, akatundikiwa dripu, na kwa jinsi yule mama anavyokumbuka dripu ile ilikuwa ya glukosi. Kwenye kadi iliandikwa homa. Hakuna aliyemchoma kidole. Miaka ilipita kabla mama huyo hajakumbuka kwamba wiki mbili zile za mwisho chungu walikuwa wakijipanga mstari kwenye ukuta wa choo, pale mtoto alipokuwa akikojoa. Waganga wa India ya kale waliuandika ugonjwa huu kwa alama hiyo hiyo, mkojo unaowavuta chungu. Watoto wanaokufa hivi hawaingii katika takwimu yoyote ya kisukari, kisha takwimu hizo hizo zinatumika kuthibitisha kwamba ugonjwa haupo.

Hoja inayonipa kazi zaidi ni nyingine, na wanaoitoa wengi ni wauguzi na wazazi wenyewe. Wanasema: mtoto wa Kizingitini anasubiri maji yajae ili boti ipite mkondo wa Mkanda imfikishe kliniki ya mjini Lamu. Insulini yake inakaa ndani ya mtungi wenye mchanga uliotiwa maji, kwa kuwa friji hakuna, au ipo na umeme hakuna. Vijiti vya kupimia vinaisha katikati ya mwezi, anapimwa kwa kukisia. Halafu mnataka kuja na vichupa vya kuchukua choo chake kwenda kutafuta virusi? Leteni insulini kwanza. Sina jibu la kejeli kwa hoja hii. Utafiti wa mtindo wa TEDDY, kwa gharama zake, haufai kuanzishwa Lamu kesho, na anayeutaka uanze kesho ana haja zake binafsi. Mkakati upo tayari: mwaka 2022 huko Lomé, Togo, nchi za Afrika zilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kwamba kisukari cha aina ya kwanza, selimundu na magonjwa ya moyo ya utotoni yatibiwe katika hospitali za wilaya, yasiachiwe miji mikuu. Hiyo ni ahadi ya matibabu, na itangulie.

Ninapotofautiana nao ni pale wanapovitenga vitu viwili hivi kama vile kimoja kinakula cha mwenzake. Hatua ya kwanza ya utafiti na hatua ya kwanza ya tiba ni tone moja la damu. Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, waligawiwa mikoba mwaka 2023, na ndani yake mlikuwa na kipimo cha sukari. Kila mtoto aliyezidiwa na homa, anayetapika au anayepumua kwa taabu achomwe kidole wakati ule ule anapopimwa malaria. Atakayekutwa na sukari ya juu ameokolewa, na papo hapo amehesabiwa. Bila hesabu hiyo, mtafiti atakuwa akichunguza chanzo cha ugonjwa kwa watoto waliobahatika kufika hospitalini peke yao, yaani wa karibu na bandari, wenye nauli, wenye mama aliyesoma, kisha atatangaza kwamba kisukari ni ugonjwa wa mjini na wa wenye uwezo.

Hesabu yenyewe inafundisha. Sensa ya 2019 iliwakuta Lamu watu 143,920. Tukikadiria kwamba wawili katika kila watano ni watoto wa chini ya miaka 15, tuna watoto kama 57,000. Kwa kiwango cha Finland tungepata karibu wagonjwa wapya 30 kila mwaka, na jambo hilo tungelijua bila ya utafiti. Kwa kiwango cha Bradford ya mwanzoni, 3.1, tungepata wasiofika wawili. Watoto wawili kwa mwaka ni rahisi kupotea katikati ya malaria, na hawatoshi kujibu swali lolote. Lakini kaunti sita za pwani pamoja zilikuwa na watu 4,329,474, na kwa kiwango hicho hicho cha chini tungekuwa na watoto zaidi ya 50 wapya kila mwaka. Kwa hiyo daftari la kisukari cha watoto haliwezi kuwa la Lamu peke yake wala la Malindi peke yake. Liwe la pwani nzima, kutoka Kiunga hadi Vanga. Na hatuanzi na mikono mitupu. Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwepo tangu 1989, na tangu 2000 kimekuwa kikizifuata nyumba za zaidi ya watu robo milioni, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Ufuatiliaji wa namna hiyo ndio ambao nchi nyingi zinazotaka kuchunguza mazingira hazina.

Pwani ina kitu kingine ambacho sijaona wakikitaja. Familia zetu zimelala pande zote mbili za bahari. Huyu ana binamu Jeddah, yule ana mashangazi Muscat, wengine wana ndugu Mukalla tangu babu wa babu. Saudi Arabia na Kuwait zina ugonjwa huu kwa wingi, Lamu kwa uchache, angalau kwa uchache unaoonekana. Watoto wa nasaba moja waliolelewa katika maji, vyakula na vimelea tofauti ni Bradford nyingine iliyokuwa ikisubiri mtu wa kuitazama. Na kando yao wapo Waboni, Waorma, Wabajuni, na watu wa Mpeketoni waliotoka bara, wenye vinasaba vya asili mbalimbali ambavyo vipimo vya hatari vilivyotengenezwa Ulaya havikuwahi kuvitilia maanani.

Je, kuna hatari ya damu yetu kusafirishwa na majibu yasirudi? Ipo, na wanaoiogopa si wajinga. Hapa pwani tumewaona wageni wengi wakija na daftari na kuondoka nalo. Masharti yawekwe mapema: sampuli zihifadhiwe nchini, majibu ya mtoto yafike kwa mzazi wake kwa Kiswahili, na mtoto yeyote atakayegunduliwa kupitia utafiti apewe insulini hata baada ya fedha za utafiti kwisha. Utafiti unaoshindwa sharti hilo la mwisho usipewe ruhusa ya kuchoma kidole cha mtu.

Kutojua kuna gharama inayozidi kukua. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa ya kwanza inayoweza kuuchelewesha ugonjwa, kwa wastani kama miaka miwili, kwa mtu ambaye kingamwili zimeshaonekana lakini hajaanza kuugua. Mwaka 2023 Italia ilipitisha sheria ya kuwapima watoto wote kingamwili hizo, na sina shaka Wataliano wetu wa Malindi wameshazisikia habari hizo kutoka kwao. Kinga, chunguzi na dawa za miaka ijayo zinajengwa juu ya alama ile ambayo thuluthi mbili ya wagonjwa waliopimwa Afrika hawana. Ikiwa watoto wetu wanaugua kwa njia nyingine, tiba hizo zitakapofika, zitafika kwa bei kubwa na zitakuwa hazitufai, na hakuna kampuni itakayotengeneza dawa ya ugonjwa ambao haujaandikwa popote kuwa upo.

Yule jirani yetu wa mtoto aliyeandikiwa homa sasa ana binti wa miaka tisa anayetumia insulini. Safari hii aliwahi. Aliwaona chungu, akamchukua mtoto alfajiri kabla ya boti ya kwanza kujaa. Muuguzi wa kliniki, akijaza fomu, alimuuliza kama katika familia yupo mwingine mwenye sukari, na yeye akasema yupo, kaka yake huyu, ila alishafariki. Aliugua nini? Mama akatoa kadi ya zamani aliyoihifadhi ndani ya msahafu. Muuguzi akaisoma, akaandika: hakuna.